Tiketi zinafifia, kurasa zinakunjamana: albamu ya ziara ya majengo ya kale

Wakuu, kurasa ni sm 30 kwa 30, picha sm 10 kwa 15, pamoja na tiketi na ramani za mji mkongwe. Tiketi zinafifia, kurasa zinajikunja. Kosa liko wapi?

Jibu 1: Kwaruza tiketi kwa ukucha. Ikiacha mstari mweusi, hiyo haina wino. Ina kemikali inayobadilika rangi ikipata joto. Mwanga na mifuko ya plastiki ya PVC huiharibu haraka. Itoe kopi mapema, bandika kopi. Ile halisi itie kwenye bahasha ya karatasi.

Jibu 2: Kujikunja ni gundi ya maji hiyo, mkuu. Tumia tepu ya pande mbili isiyo na asidi, kipande cha sm 1 kila kona. Ramani bandika mkunjo mmoja tu wa nyuma, ibaki inafunguka. Picha tatu kwa ukurasa zinatosha, na picha ya mnara ikatwe wima, tafadhali!

Jibu 3: Nyongeza: maelezo ya nyuma ya picha yaandike kabla ya kubandika. Ila kalamu ya kawaida ikikandamizwa nyuma ya picha, alama hutokeza mbele.