Bonasi za kwenye diski za muvi zimeenda wapi? Tunauziwa makava

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mamodi kama nimekosea jukwaa mnihamishe tu ila msifute.

Nalalamikia hizi kampuni zinazotoa diski za muvi, hasa zile muvi za kusaka hazina, za msituni, za safari za hatari, ambazo ukimaliza kuangalia kitu cha kwanza unajiuliza hivi hili walilifanyaje. Zamani jibu lilikuwa humohumo kwenye boksi. Diski ya kwanza muvi, diski ya pili bonasi, dairekta anaeleza, mafundi wa mavazi wanaeleza, jamaa aliyeruka kutoka kwenye farasi kwa niaba ya stelingi anakuonyesha alivyoanguka. Siku hizi unalipa hela ndefu zaidi, picha inang'aa zaidi, na bonasi wameng'oa.

Kilichonichefua mpaka nikafungua uzi ni hiki. Niliagiza boksi la muvi moja ya kusaka hazina, kampuni siitaji, kava lina maandishi makubwa kabisa kwamba ndani kuna saa kadhaa za vipande vya ziada. Mzigo ukaja, ushuru nikalipa, nafungua nakuta diski moja na kikaratasi chenye namba. Eti bonasi ziko mtandaoni, ingiza namba. Naingiza, wananiambia huduma haipatikani katika nchi yako. Nawaandikia, wanajibu kwamba namba ni za wateja wa Marekani peke yake na hata hivyo muda wake ulishaisha. Sasa mliandika kwenye kava za nini? Yale maandishi ndiyo yaliyonifanya nitoe hela, muvi yenyewe nilikuwa nayo tayari kwenye DVD ya zamani! Huo ni wizi na siuiti jina lingine.

Na mtu asije akasema haiwezekani kujaza bonasi kwenye diski, ilishawezekana zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Chukueni The Lord of the Rings, zile DVD za toleo refu zilizoanza kutoka Novemba 2002. Kila muvi diski nne, mbili za muvi na mbili za bonasi, halafu juu yake komentari nne tofauti (yaani sauti ya watengenezaji wakieleza huku muvi inaendelea), moja ya dairekta na waandishi, nyingine za mafundi, nyingine ya waigizaji. Nani asiyekumbuka kile kipande cha nyumbani kwa Bilbo, yule mchawi Gandalf anaonekana jitu na Frodo kitoto wakati waigizaji wenyewe hawajapishana kiasi hicho? Bonasi inakuonyesha wazi, mmoja kakaa karibu na kamera mwingine kakaa mbali, meza imekatwa vipande viwili, halafu kamera ikitembea na kiti cha mwigizaji kinatembea nayo ili jicho lisishtuke. Hakuna kompyuta hapo, ni mbao na magurudumu. Wanakuonyesha nguo za chuma za askari ambazo wala siyo chuma, ni pete za plastiki watu wamekaa wanaunganisha moja moja kwa mkono. Kijana wa Tandale mwenye kamera ya kuazima akiangalia hicho kipande kesho yake anaweza kujaribu na meza ya mama yake. Ndiyo maana nasema bonasi siyo pambo, kwa wengi wetu ambao ada ya chuo cha filamu hatuna, bonasi ndiyo darasa.

Sasa angalia walichofanya. 2011 wakatoa Blu-ray (diski yenye picha kali kuliko DVD) ya toleo refu, bonasi wakaziweka kwenye DVD humohumo, sawa, angalau zipo. 2020 wakatoa 4K, yenye picha kali zaidi ya hapo, boksi zuri, bei imesimama, bonasi sifuri. Sifuri wakuu. Saa na saa za kazi ambayo watu walikaa New Zealand miaka wanairekodi, hawakuweka hata dakika moja. Ukizitaka ubaki na boksi la zamani, na aliyeanza kununua mwaka huu atafute la mtumba.

Indiana Jones nao. 2003 ilikuja boksi ya diski nne, muvi tatu na diski nzima ya bonasi. Komentari haikuwepo kwa sababu Spielberg hafanyi komentari, huo ni msimamo wake na namheshimu. Lakini kuna jambo kwenye boksi lile lile nataka mlielewe. Ile sehemu ya shimo la nyoka kwenye muvi ya kwanza ya 1981, stelingi Harrison Ford anaanguka uso kwa uso na kobra, kumbe katikati yao kuna kioo kumkinga, na kwenye kopi za zamani ukikaza macho unaona taswira ya nyoka kwenye kioo. Kwenye DVD ya 2003 wakaifuta kwa kompyuta. Mimi kusafisha picha sina shida nako. Shida yangu ni kwamba ukishafuta alama ya kioo, mahali pekee ambapo mtoto wa leo atajua kulikuwa na kioo ni kwenye bonasi, na bonasi ndizo mnazozitoa. Mnafuta kwenye muvi, mnafuta na kwenye boksi, sasa mtu ajue wapi?

Haya sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo damu inanichemka.

Kuna muvi inaitwa Hatari!, ya 1962, dairekta Howard Hawks, stelingi John Wayne. Imepigwa hapahapa Tanganyika kabla hatujapata Uhuru, Arusha, Momella chini ya Mlima Meru, Ngorongoro. Zaidi ya saa mbili na nusu za watu wanaokimbiza wanyama wa kupeleka kwenye mazuu, na wale wanyama ni wa kweli, mbio ni za kweli, waigizaji wenyewe wamo ndani ya magari, Wayne mwenyewe wamemfunga kwenye kile kiti cha mbele ya gari anashika fimbo yenye kitanzi anamvizia faru anayekimbia pembeni yake. Mshauri wao alikuwa mkamataji wa kazi hiyo hasa, Willy de Beer. Hakuna kompyuta, hakuna faru wa mpira. Kameramani Russell Harlan aliteuliwa Oscar kwa kazi ile. Muziki ni wa Henry Mancini, ule wa ndovu wadogo ambao hata asiyeijua muvi ameshausikia mahali. Mwigizaji Hardy Krüger akapapenda Momella mpaka akanunua shamba akahamia.

Ni muvi gani duniani inayostahili diski nzima ya nyuma ya kamera kama siyo hii? Kamera ilifungwaje kwenye gari linalorukaruka kwenye mashimo? Nani alikuwa anaendesha? Mnyama akishakamatwa alikuwa anakaa wapi, anakula nini? Ile hali ya Arusha ya mwanzo wa miaka ya 60, mitaa, maduka, watu, nani ana picha zake za rangi nzuri namna ile? Faru weusi wanaoonekana mle, miaka iliyofuata majangili waliwaua mpaka wakakaribia kuisha, kwa hiyo ile siyo muvi tu, ni kumbukumbu ya nchi.

Diski niliyonayo mimi ukitoa trela hakuna kitu.

Na kinachoniuma kuliko vyote ni watu. Ukiangalia zile sehemu za kukamata wanyama utawaona Watanganyika, wanashika kamba, wanamzuia mnyama, wanabeba makreti. Kuna wanaomwita yule dada anayelea ndovu wadogo kwenye muvi Mama Tembo. Hao walikuwa na majina. Walikuwa wanalipwa ngapi, waliumia wangapi, walimuonaje huyo Wayne, waliwahi hata kuiona hiyo muvi? Kama mtu angefika pale miaka ya 2000 mwanzoni, wakati wa DVD zimepamba moto na hela ya bonasi ipo, na kamera moja na mkalimani mmoja, angewakuta wazee wengi tu wakiwa hai na akili timamu. Hakuna aliyekuja na hizo kamera kwa ajili ya diski. Leo wengi watakuwa wameshatangulia mbele ya haki. Muvi ya hela nyingi namna ile, imepigwa kwenye ardhi yetu, hadi jina lake wamechukua kwetu, na sauti ya mwenyeji hata mmoja kwenye diski haimo.

Nikiwa mkweli, kuna waliofanya vizuri na hao nawapa haki yao. The African Queen ya 1951, dairekta John Huston, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, imepigwa Kongo kwenye mto Ruiki na Uganda upande wa Butiaba na Murchison. Marekani ilikaa miaka haina DVD rasmi mpaka Machi 2010, lakini ilipotoka walikuwa wameisafisha kutoka kwenye negativu zenyewe za Technicolor (mfumo wa zamani wa kupiga filamu za rangi) na wakaweka dokumentari ya karibu saa nzima ya jinsi ilivyotengenezwa. Watu walivyougua tumbo kwa sababu ya maji, Hepburn akiwemo, boti ilivyozama mtoni ikabidi ivutwe juu. Unaiangalia unaelewa kazi ilikuwa nini. Ila hata hapo bado kuna walichokosea, kwa sababu komentari ya Jack Cardiff, kameramani mwenyewe aliyekuwa kule na lile likamera zito la Technicolor, ipo kwenye diski za Uingereza, kwenye ile ya Marekani ya 2010 haipo. Yaani muvi moja, ukitaka uipate yote ununue mabara mawili. Na ukinunua ya Marekani ya DVD ujue ni rijoni 1 (dunia waliigawa kanda, diski ya kanda moja haipigi kwenye deki ya nyingine) wakati sisi Tanzania na Kenya walituweka rijoni 5 pamoja na India na Urusi, kama deki yako haijafunguliwa ipige rijoni zote inaitema. Rijoni 5 yenyewe ukitafuta toleo lenye bonasi hulioni, walitugawia namba hawakutugawia diski.

Na hadithi ya ile muvi, meli ya Wajerumani ziwani, imetokana na Graf von Götzen, ambayo ndiyo MV Liemba yetu ya Kigoma. Ilitengenezwa Papenburg Ujerumani, ikaja vipandevipande mpaka Dar, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikashushwa majini 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924 na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Niambieni hapo hakuna bonasi ya dakika arobaini? Mpiga picha angepanda meli yenyewe!

EDIT 1: Kuna mdau hapo chini anasema "mkuu siku hizi nani ananunua diski, lipia apu uangalie". Ndugu yangu, kwenye apu nyingi ukibonyeza muvi unapata muvi na trela, basi. Komentari hakuna, diski ya pili hakuna. Na leo muvi ipo, mwezi ujao imeondolewa na hela yako ya mwezi wameshakata. Diski niliyonunua 2004 ipo kabatini na inapiga.

EDIT 2: Mwingine anasema zipo YouTube. Zipo baadhi, mtu kapandisha vipande kumi na viwili, cha nne na cha tisa vimefutwa kwa ajili ya hakimiliki, picha ukungu, na bando nani ananilipia? Halafu sio kazi ya shabiki kuhifadhi mtandaoni kitu ambacho mwenye mali anacho kwenye ghala lake.

EDIT 3: Kuhusu kurushiwa kwenye flashi. Wakuu, jamaa wa kurusha muvi wanatusaidia, sikatai, na wale wa kutafsiri wamefanya bibi zetu wafurahie muvi za Kizungu kwenye vibanda umiza. Ila kitu cha kwanza kukatwa ili faili liwe dogo ni bonasi. Ndiyo ilivyokuwa hata kwenye zile diski za muvi ishirini kwa moja. Matokeo yake kuna kizazi kizima kimeangalia muvi mamia na hakijui kama bonasi zilikuwepo, na ndiyo hao hao tunawategemea watutengenezee muvi zetu.

EDIT 4: Mdau aliyeuliza kuhusu viziwi ameniwahi. Komentari nyingi hazina maandishi ya chini, dokumentari nyingi pia. Kwa hiyo ndugu yetu asiyesikia analipa bei ileile anaangalia midomo ya watu inacheza. Kiswahili ndiyo kabisa, hata kwenye muvi zilizopigwa kwetu, mhusika anaongea Kiswahili safi maandishi yanasema anaongea lugha ya kigeni. Kigeni kwa nani?

Ninachotaka ni vitu vya kawaida kabisa. Ukiandika bonasi kwenye kava ziwe kwenye diski, sio kwenye kikaratasi. Ukitoa toleo jipya beba bonasi zote za toleo la zamani, maana ulishazilipia kuzitengeneza. Na muvi iliyopigwa Afrika Mashariki ikitolewa upya, tumeni mtu aje kuwahoji watu, gharama yake haifiki hata ya kutengeneza lile boksi.

Sisi hapa tusisubiri. Mwenye mzee au bibi aliyeishi Momella, Ngarenanyuki, Usa River au Arusha mjini enzi zile, aliyeendesha gari, aliyepika kambini, aliyelisha wale ndovu wadogo, au hata aliyesimama tu pembeni akaangalia, muulize wikendi hii, mrekodi kwa simu, kwa ridhaa yake. Mwenye picha za familia za wakati huo azitunze asizitupe. Na mwenye diski ya Uingereza ya The African Queen yenye sauti ya Cardiff aje PM, nanunua bei yoyote ya haki, iwe orijino na isiwe na mikwaruzo.