Kufuli la simu na sheria za Marekani

Swali (Mtwara): Ndugu zangu, nikifungua ukurasa wa benki kuangalia malipo ya korosho, naona alama ya kufuli juu yake, je, ni kweli kwamba zamani Marekani ilizuia kufuli madhubuti kama hili lisitufikie?

Jibu (Lindi): Ni kweli, ndugu. Hadi mwishoni mwa 1996 usimbaji fiche, yaani mbinu ya kuficha ujumbe ambayo kufuli hilo huiashiria, ulihesabiwa pamoja na silaha, na vivinjari (programu za kufungulia kurasa za mtandao) vilivyoruhusiwa kupelekwa nje ya Marekani vilikuwa na ufunguo wa siri wa biti 40 (biti zikiwa nyingi, ufunguo ni mgumu zaidi kuvunjwa), ilhali Wamarekani wenyewe walitumia biti 128. Masharti yalilegezwa sana Januari 2000.

Jibu (Masasi): Naona lilikuwa zuio la dhuluma, kwa kuwa mkulima wa Newala anastahili usiri wa fedha zake sawasawa na tajiri wa New York. Mwaka 1998 mashine moja ilivunja hata ufunguo wa biti 56 kwa muda usiofika siku tatu.