Alternata ya ampea nyingi kwa Camaro ya 1974: nichague ipi?

Mwana_Unyanyembe (Tabora) anauliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Naomba ushauri wa kuchagua alternata (kifaa kinachozungushwa na injini ili kutoa umeme na kuchaji betri) yenye uwezo mkubwa kwa gari ninalolitumia kwa mambo mawili: siku za kawaida natembelea hapa Tabora mjini, na mara moja moja nalikimbiza robo maili, yaani mita 402, kwenye njia iliyofungwa. Gari lenyewe ni Chevrolet Camaro ya mwaka 1974 yenye injini ya V8 ya lita 5.7, ambalo mjomba wangu, Mungu amrehemu, alilileta kutoka Marekani kwenye kontena na kuniachia mimi.

Alternata iliyopo ni Delco aina ya 10SI, yenye katauti, yaani kidhibiti cha volti, ndani yake, na imepigwa mhuri wa ampea 61. Ilitosha wakati gari lilipokuwa na taa, redio na kabureta tu. Tangu hapo nimeondoa feni inayozungushwa na injini nikafunga feni mbili za umeme kwenye rejeta, nimeweka pampu ya mafuta ya umeme, kisanduku cha kuwashia plagi, na mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta badala ya kabureta. Nimepima kila kimoja kwa mita ya kubana waya: feni zote mbili ampea 28, pampu 11, kompyuta na nozeli zake 10, taa za mbele 8, taa ndogo na dashibodi 4, kisanduku cha plagi hula ampea 1 kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) na hupanda hadi 6 hivi injini ikifika mizunguko 6,000. Kwa hiyo usiku, gari likiwa limesimama linaunguruma, nahitaji ampea 62.

Jumamosi iliyopita usiku nilisimama kwenye kivuko cha reli nikisubiri treni ya mizigo ipite. Feni zote mbili ziliposhika, niliuona mshale wa mita ya volti ukishuka kutoka 13.8 hadi 12.1, taa zikawa nyekundu kama kibatari kinachoishiwa mafuta, na injini ikaanza kutetemeka. Nilipokanyaga mafuta kidogo, vyote vikarudi sawa.

Fundi mmoja alikuja akachomoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma, na kwa kuwa haikuzima, akaniambia kwamba alternata ni nzima. Tangu siku hiyo taa ya chaji inawaka hafifu hata nikiwa kwenye mwendo.

Nina njia tatu mbele yangu: kuagiza alternata ya ampea 200 ya waya mmoja, kuagiza ya ampea 140 ya nyaya tatu yenye umbo lilelile la 10SI, au kumpa msukaji wa hapa mjini aisuke upya hii ya zamani kwa waya mnene, kwani anasema ataifikisha ampea 100. Betri nimeihamishia kwenye buti ili kupunguza uzito wa mbele. Mngekuwa ninyi, mngechagua ipi?

Fundi_Umeme_Ujiji (Kigoma) anajibu:

Pole sana, ndugu yangu. Umefanya jambo ambalo wateja wangu wengi hawalifanyi, la kupima kwanza kila kifaa kinakula kiasi gani, na hesabu yako ya ampea 62 kwenye sailensa ndiyo itakayokuchagulia alternata. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi isikuchagulie.

Namba hiyo ya boksi kwa kawaida hupimwa alternata ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ikiwa bado ya baridi. Gari lako likiwa pale relini, injini inazunguka labda mara 750, na alternata inazidisha hapo mara mbili na nusu au mara tatu tu kulingana na ukubwa wa puli. Katika mzunguko wa chini hivyo, alternata ya ampea 61 haifiki hata nusu ya mhuri wake. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: ikizunguka mara 2,000, ikiwa imeshika moto, inatoa ampea ngapi? Muuzaji makini atakupa karatasi ya kipimo inayoonyesha uwezo katika kila mzunguko. Asiyeweza kukujibu usimpe fedha yako, hata kama boksi limeandikwa 200, kwa sababu zipo za ampea 200 zinazotoa kidogo kwenye sailensa kuliko ya ampea 140 iliyosukwa kwa ajili ya mwendo wa mjini.

Hapo ndipo ninapolikataa wazo la kuisuka upya. Msukaji akitumia waya mnene zaidi ndani ya nafasi ileile, inambidi apunguze idadi ya mizunguko ya koili, na koili yenye mizunguko michache huanza kuchaji ikiwa imechelewa. Utapata ampea zaidi ukiwa umekanyaga mafuta, lakini pale relini utakuwa na hali mbaya kuliko ya sasa. Daiodi zake, vile vipande vinavyougeuza umeme wake uweze kuchaji betri, nazo zilipangiwa ampea 61, na ukizipitisha 100 katika joto la Tabora la mwezi wa Oktoba, zitaungua.

Sasa kuhusu kichwa cha betri. Naomba sana, usimruhusu mtu yeyote kukichomoa tena injini ikiwa inaunguruma. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alternata. Ukiiondoa ghafla, volti huruka juu mno kwa kitambo kidogo sana, lakini kitambo hicho kinatosha kuua daiodi, katauti au kompyuta yako ya mafuta. Taa ya chaji inayowaka hafifu wakati wote ni dalili ya daiodi iliyokufa. Inawezekana sana kwamba hata hizo ampea 61 huzipati tena. Kipimo cha haki ni mita ya volti kwenye vichwa vya betri: injini ikiwa imezimwa na betri imejaa, kama 12.6, ikiunguruma, kati ya 13.8 na 14.5.

Delco wenyewe waliifuatisha 10SI kwa 12SI ya hadi ampea 94, inayokaa kwenye nafasi ileile ya kufungia na kupoa vizuri zaidi. Ni alternata nzuri, lakini kwa mzigo wako wa sailensa haitatosha. Chagua ile ya 140 ya nyaya tatu, kwa sharti la karatasi ya kipimo. Kisha pima kipenyo cha puli ya injini na cha puli ya alternata, uniletee hapa.

Dereva_wa_Kasulu anajibu:

Wakuu, kwa nini asitafute alternata ya lori? Huku kwetu zimejaa, na ni imara kuliko hizo za kuagiza.

Fundi_Umeme_Ujiji anajibu:

Kaka, nyingi za malori tunayoyaona huku ni za volti 24, na gari lake ni la volti 12. Hata ikipatikana ya volti 12, alternata iliyotengenezwa kwa injini ya dizeli isiyozidi mizunguko 3,000 haikukusudiwa kuzungushwa na injini inayopanda hadi 6,000 na zaidi.

Bi_Waya (Kaliua) anajibu:

Nakubaliana na fundi, nami niongeze upande wa nyaya, kwa kuwa hapo ndipo nimeona watu wakinunua alternata ya gharama kubwa kisha wakapata taa zilezile za kibatari.

Alternata ya waya mmoja inavutia kwa sababu inafungwa haraka, lakini ina mambo mawili yasiyokufaa. Kwanza, huamshwa na usumaku mdogo uliobaki ndani yake, hivyo ukishawasha gari mara nyingi haianzi kuchaji mpaka ukanyage mafuta. Pili, hupima volti zake yenyewe mgongoni mwake, haijui kinachofika mwisho wa waya. Ile ya nyaya tatu ina waya unaopita kwenye taa ya chaji na kuiamsha mara tu unapofungua swichi, na waya mwingine wa kupimia ambao unaupeleka mahali mzigo unapogawiwa, karibu na fyuzi na relei zako. Volti zikipungua hapo, katauti inaona na kuongeza. Kwa gari ambalo betri yake iko kwenye buti, waya huo wa kupimia ni wa lazima.

Unene wa waya mkubwa nao tuupigie hesabu. Kutoka alternata hadi buti tuseme ni mita 5.5. Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba ukipitisha ampea 100 kwa urefu huo utapoteza volti 1.6 njiani, wa milimita 16 utapoteza 0.6, wa milimita 35 utapoteza kama 0.28. Mimi ningeweka huo wa 35, na huna haja ya kuuagiza mbali, kwa sababu kebo ya mashine ya kuchomelea ya unene huo inapatikana kwa wauza vifaa na inapindika vizuri. Ila kabla hujalipa, omba kipande, menya ganda lake na kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, iache. Weka fyuzi kubwa karibu na betri, na upande wa ethi uheshimu vilevile: mkanda mnene kutoka injini hadi bodi, na mahali unapofungwa paondolewe rangi mpaka chuma king'ae.

Jambo la mwisho ni swichi kuu. Kanuni za NHRA, chama kikuu cha mbio hizi Marekani, zinataka gari lililohamishiwa betri nyuma liwe na swichi ya nje inayokata umeme wote na kuzima injini. Ukifunga swichi ya kawaida kwenye waya wa betri pekee, alternata itaendelea kuilisha injini hata baada ya kuikata, na ajali ikitokea mwokoaji atazungusha swichi bure. Tafuta swichi yenye vichwa vinne, ambayo ile jozi ndogo hukata umeme wa kuwashia plagi wakati huohuo.

Mwana_Unyanyembe anajibu:

Nawashukuru sana, fundi na dada yangu. Nimepima: puli ya injini ina milimita 165 na ya alternata 66. Mwisho wa injini nimeuwekea kikomo cha mizunguko 6,200. Kuna rafiki ananionya kwamba alternata ya ampea 140 itakula nguvu ya injini na kuniongezea muda kwenye robo maili. Je, ni kweli?

Fundi_Umeme_Ujiji anajibu:

Ndugu, alternata hutoa kile kinachoombwa tu. Mzigo wako wa ampea 62 kwa volti 14 ni wati 868. Alternata hupoteza sehemu kwa joto, kwa hiyo injini itatoa kama wati 1,450, karibu nguvu 2 za farasi, iwe mhuri ni 100 au 200. Kitakachoongeza mzigo huo ni betri iliyokwisha chaji, kwa hiyo ijaze kwa chaja ya nyumbani usiku wa kuamkia mbio.

Puli zako zinatoa 2.5 kwa 1. Kwenye sailensa ya 750 alternata inazunguka 1,875, na hiyo ni chini. Ukiweka puli ya milimita 57 utapata 2,171 kwenye sailensa, lakini kwenye 6,200 itafika karibu 17,950, na alternata nyingi za magari madogo ukomo wake ni kama 18,000. Ukikosea gia mara moja tu, utavuka. Mimi ningefunga ya milimita 60: uwiano unakuwa 2.75, na ukipandisha sailensa hadi 850 utapata 2,337, huku juu ukiishia 17,050. Linganisha namba hiyo ya 2,337 na karatasi ya muuzaji.

Mkanda wako mmoja wa umbo la V hautaweza kazi hiyo. Puli ndogo ina eneo dogo la kushikwa, na ampea 100 zikiombwa ghafla mkanda utateleza, utapiga kelele na kuichoma puli. Hamia kwenye mkanda bapa wa mifereji sita. Na kama mabomba ya ekzosi yanapita jirani na alternata, weka bati la kukinga joto katikati yake.

Mwana_Unyanyembe anajibu, wiki saba baadaye:

Nimerudi na majibu, kwa kuwa ninyi mlitumia muda wenu kwa ajili yangu. Alternata ya 140 ya nyaya tatu imefika, na karatasi yake inaonyesha ampea 84 kwenye mizunguko 2,400 ikiwa ya moto. Nimefunga puli ya 60, mkanda wa mifereji sita, kebo ya 35, na swichi ya vichwa vinne. Duka la kwanza kebo yao ilikuwa nyeupe ndani kama Bi Waya alivyosema, nikaenda la pili. Ile 10SI niliifungua mezani, na kweli daiodi moja imekufa.

Jana usiku nilikwenda makusudi kusimama pale pale kwenye kivuko, nikawasha taa zote na kusubiri mpaka feni zote mbili zikashika. Mshale ulitikisika kidogo, ukatulia kwenye 13.7, na taa hazikubadilika rangi. Kuna mlio mfupi wa mkanda ninapowasha gari asubuhi, kisha unapotea.

Fundi_Umeme_Ujiji anajibu:

Hongera sana. Mlio huo ni betri inayojirudishia chaji baada ya kuzungusha starta, na mkanda mpya umelegea baada ya kuvutika. Ukaze tena injini ikiwa ya baridi, kisha uukague baada ya wiki moja.