Kishore Kumar alivyoingia majumbani mwetu, Unguja na Pemba: tupeane uzoefu

Binti wa Malindi

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja, Pemba na mlioko ng'ambo.

Wiki iliyopita tulikuwa tukipanga chumba cha marehemu baba. Chini ya kitanda tukakuta sanduku la bati limejaa kanda za kaseti. Nimezihesabu, 43. Kila moja ina hati ya baba kwa wino wa buluu: taarab, kasida, na nyimbo za filamu za Kihindi. Katika hizo za Kihindi, 11 ni za Kishore Kumar peke yake. Moja ameiandika hivi: "Kishor. Mume na mke. Wote yeye." Basi. Hakuna jina la filamu wala mwaka.

Baba alikuwa fundi cherehani na hakuwa mtu wa maneno mengi. Nikirudi chuoni nilimkuta anashona, redio iko juu ya rafu, na wimbo ukifika pahala fulani mguu wake unasita. Sindano inasimama ndani ya kitambaa. Anaingoja ile sauti ishuke, ndipo anaendelea. Hakunambia hata siku moja kwa nini alimpenda mtu huyu, na mie sikumuuliza.

Naomba mnaomjua mnieleze. Alikuwa muigizaji au mwimbaji? Mlimuona wapi? Na hiyo "mume na mke, wote yeye" ni kitu gani? Wakubwa zangu nakutegemeeni zaidi.

Mzee wa Kikwajuni

Waalaykum salaam mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu baba'ko. Hiyo kanda naijua hata bila ya kuisikia.

Filamu ni Half Ticket, ya 1962. Kishore ndiye steringi na Madhubala ndiye mwenzake. Kijana katoka kwao, nauli haimtoshi, anajifanya mtoto apate tiketi ya nusu kwenye treni. Humo ndani jambazi, ambaye ni muigizaji Pran, anamtilia almasi mfukoni bila ya mwenyewe kujua, kisha anamuandama filamu nzima. Kuna pahala Kishore anavaa nguo za kike ili Pran asimtambue, na wanaimba kwa kujibizana, mwanamme na mwanamke. Sehemu ya mwanamke ilikuwa aiimbe mwimbaji Lata Mangeshkar, lakini siku ile hakupatikana. Kishore akamwambia Salil Chowdhury, mtungaji wa muziki, kwamba ataziimba zote mbili. Akaziimba. Sikiliza anavyotoka kwenye sauti nyembamba akaingia kwenye nzito, hupati hata pa kutia ukucha. Baba'ko kaandika sawasawa: mume na mke, wote yeye.

Unauliza muigizaji au mwimbaji. Yote, na zaidi. Jina lake la kuzaliwa ni Abhas Kumar Ganguly, kazaliwa 4 Agosti 1929 katika mji mdogo wa Khandwa, katikati ya Bara Hindi, baba yake wakili. Kaka yake mkubwa, Ashok Kumar, alishakuwa staa Bombay, na alitaka mdogo wake awe muigizaji kama yeye. Mwenyewe moyo wake uko kwenye kuimba. Ndiyo maana mwanzoni akaigiza kwa kusukumwa: kaonekana kwenye Shikari 1946, akapata wimbo wake wa kwanza kwenye Ziddi 1948, na wakati huo alikuwa anamuiga mwimbaji K. L. Saigal mpaka mtungaji wa muziki S. D. Burman alipomwambia atafute sauti yake mwenyewe. Alama za muziki hakusomeshwa na ustadhi yeyote. Sikio tu.

Mpiga fidla

Hapo kwenye sikio, mzee, umenigusa pahala pangu.

Nilianza fidla nikiwa na miaka 15. Zamani zile ukitaka tuni ya filamu kwa ajili ya taarab ulikuwa huna pa kuipata ila senema. Sahani ghali, na redio inaupiga wimbo mara moja kisha kimya. Basi mwalimu wangu alikuwa akitupangia. Filamu ikiingia, tunakwenda watatu, siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza kila mmoja anashika kipande chake: mie mwanzo, mwenzangu kiitikio, wa tatu vile vipande vya vyombo vitupu baina ya beti. Tukitoka hatusemeshani, kila mtu anang'ung'unika chake mpaka nyumbani kwa mwalimu, tunamwaga pale, yeye anaunga. Siku ya pili tunakwenda kurekebisha. Siku ya tatu ndiyo tunaangalia filamu yenyewe.

Nyimbo za Lata zilikuwa zinakaa kwenye fidla kama zilizotungiwa. Za Kishore zilitutesa. Anavuta neno halafu analiacha njiani, anacheka ndani ya wimbo, anapumua unasikia. Hilo huwezi kuliandika wala kulipiga. Mwalimu akasema msimpige Kishore, pigeni wimbo, yeye muacheni na koo lake. Tukatiwa mashairi ya Kiswahili juu yake, ya mtu aliyemficha mwenzake siri, na harusini watu walituza mpaka kitambaa kikajaa noti.

Nilipokuja kusoma kwamba Door Gagan Ki Chhaon Mein ya 1964 aliitengeneza yeye, akaiongoza, akaigiza na mwanawe Amit, na muziki akatunga yeye, na yote hayo bila ya kusoma noti za muziki, nilikaa kimya kitambo. Mie nimepiga miaka 40 na noti sizijui. Nilikuwa nikiona haya kusema. Sasa nasema.

Mpenzi wa Rafi

Salaam. Nakuheshimuni wote, lakini mie ni mtu wa yule mwimbaji mwengine, Mohammed Rafi, na sitobadilika. Barazani kwetu Mkunazini ugomvi huu umedumu tangu niko skuli. Wa Rafi wanakaa upande wa mlango, wa Kishore upande wa njia, kahawa moja.

Hoja yangu ilikuwa moja na hawakuwa na jibu. Katika filamu Ragini ya 1958 kuna wimbo mzito wa kiraga, ule muziki wa jadi wa Kihindi, Kishore ndiye anayeonekana anaimba, lakini sauti ni ya Rafi. Mwimbaji kaazimwa sauti! Nilikuwa nikiutoa huu, upande wa njia wote unanyamaza.

Mpaka siku moja mzee mmoja, sasa marehemu, akanambia: "Mwanangu, mtu anayejua thamani ya sauti ndiye anayekubali kuazimwa. Angekuwa na kiburi angeuharibu wimbo." Tangu siku ile hoja ile sikuitumia tena. Rafi bado ni wangu.

Bi Mkubwa wa Vuga

Nyie wanaume mnasema nyimbo tu. Sie wanawake tulikuwa tukenda zanana, onyesho letu wenyewe, mchana, hamna mwanamme ndani. Mabuibui tunayateremsha mabegani, watoto mapajani, bisi na karanga zinapita mkono kwa mkono. Sikwambii kilio! Tulikuwa tunalia pamoja, tunapeana leso, na tukitoka nje jua linatupiga machoni na kila mtu anajifunika upya kama hakikuwa kitu.

Kishore nilimuona kwanza kwenye Chalti Ka Naam Gaadi, ya 1958. Ndugu watatu wana gereji, na ni ndugu kweli wa tumbo moja: Ashok, Anoop na yeye. Madhubala anaingia usiku, katota kwa mvua, gari limeharibika, na yule fundi anaimba huku kashika vyombo vyake vya kazi. Dada yangu akaninong'oneza, "Huyu anamtaka kweli." Tukacheka. Baadae tukaja kujua alimuoa kweli, mwaka 1960. Na Madhubala alikuwa na tundu kwenye moyo tangu kuzaliwa. Aliugua miaka yote ya ndoa ile, akafa Februari 1969, ana miaka 36.

Sasa fikirini. Mwaka huo huo wa 1969 ndio ikatoka Aradhana, na sauti ya Kishore kinywani mwa muigizaji Rajesh Khanna ikaijaza dunia. Tuzo yake ya kwanza ya Filmfare, zile tuzo za filamu za Kihindi, ameipata kwa wimbo wa humo. Alipata nane kwa jumla za uimbaji, na kwa miaka mingi hakuna mwanamme mwengine aliyefikia. Mimi ule wimbo wa humo, wa gari la jeep na treni, kila nikiusikia nafurahi na najua mwimbaji yuko katika hali gani. Dada yangu alikufa akiwa na ugonjwa wa moyo vilevile. Sina la kuongeza.

Mtoto wa Wete

Bi Mkubwa, Mungu amrehemu dada'ko.

Sie Pemba tulimpata Kishore kwa masikio kabla ya macho. Kaka yangu mkubwa alikwenda Unguja kwa ami yetu, akarudi na ile sauti ya kukatisha koo, inapanda juu ghafla halafu inashuka, wenyewe wanaiita yodeli. Kishore aliichukua kwenye sahani za santuri za kizungu zilizokuwa kwao. 

Basi msimu wa karafuu ukafika. Mnajua mkarafuu ulivyo, mchumaji akishaingia juu haonekani, unasikia matawi tu. Kaka akawa anaitoa ile sauti huko juu, inavuka bonde, na mchumaji wa shamba la pili anajibu. Kwa muda wa wiki mbili bonde zima likawa linaitana Kikishore. Bibi yetu akatoka na ufagio akidhani ni ndege mgeni. Usiku tukikaa kuchambua makonyo, kaka anatusimulia filamu aliyoiona, na nyimbo anaimba mwenyewe, wa kike na wa kiume. Nilipokuja kuiona filamu ile mwenyewe, miaka mingi baadae kwenye video, nilishtuka. Kaka aliongeza mapigano mawili ambayo hayamo. Naona yake ilikuwa nzuri zaidi.

Jengine. Kishore alipokuwa jukwaani alijitambulisha kwa mji wake, Kishore wa Khandwa, na alipofariki Bombay maiti yake ilirudishwa Khandwa. Mie nipo Muscat mwaka wa 22. Hilo nalielewa.

Aliyekuwa na baiskeli

Nimesoma zote. Mie sikuwa naingia senema kwa tiketi. Marehemu ami yangu alikuwa akichukua reli za filamu, yale magurudumu ya utepe wa filamu, kwa baiskeli. Filamu ilikuwa ikiletwa nakala moja, senema mbili zinaionesha usiku mmoja. Ya kwanza inaanza mapema, reli ikimalizika inatiwa bati lake, ami anaifunga nyuma ya baiskeli, mbio vichochoroni mpaka senema ya pili. Anarudi kuchukua nyengine. Usiku mzima. Mie nakaa mbele kwenye bomba, kazi yangu kupiga kengele watu wapishe.

Filamu ilikuwa Padosan, ya 1968. Tumefika karibu na Darajani, mpira wa nyuma ukapasuka. Ami akalitoa bati akalitia kichwani akaanza kukimbia, mie nyuma nasukuma baiskeli. Tukachelewa sana. Tunafika mlangoni tunasikia kelele ndani, tukadhani watu wanavunja viti. Kumbe wanaimba. Reli iliyopita iliishia kwenye ule ushindani wa kuimba, dirisha kwa dirisha, wa Kishore na mwalimu wa muziki, Mehmood, ambaye sauti yake ni ya mwimbaji Manna Dey. Taa zimewashwa, watu wamejigawa, upande wa kushoto ni Kishore, wa kulia ni Mehmood, wanajibizana kwa Kihindi ambacho hakuna hata mmoja anayekijua. Ami kasimama mlangoni na bati kichwani, jasho linamtoka, hakutaka kuwakatisha.

Na mnaikumbuka hadithi yake? Muigizaji Sunil Dutt anampenda jirani lakini hajui kuimba. Kishore anajificha nyuma, anaimba yeye, mwenzake anachezesha mdomo dirishani. Ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote kwa waigizaji kama Rajesh Khanna na Amitabh Bachchan, na pale aliionesha mbele ya macho yetu. Miaka ile nilidhani ni kichekesho tu.

Fundi redio wa Mkunazini

Nami fupi. Wakati wa hali ya hatari India, alitakiwa aimbe kwenye mkutano wa chama tawala Bombay, akakataa. Kuanzia Mei 1976 redio ya serikali, All India Radio, ikaacha kupiga nyimbo zake mpaka hali ile ilipoondolewa 1977. Duka la marehemu mzee wangu liliuza kanda zake nyingi kuliko wakati wowote, maana redioni hayumo.

Alikufa kwa moyo 13 Oktoba 1987, ana miaka 58, siku ya kuzaliwa ya kaka yake Ashok. Siku tuliyopata habari mzee alifungua duka kama kawaida, akaweka kanda moja, akaigeuza ikimalizika, mpaka Magharibi. Hakuuza kitu.

Binti wa Malindi, kanda hizo unazo mashine ya kuzipigia?

Binti wa Malindi

Nashukuruni nyote, nimesoma huku nalia. Sasa najua mguu wa baba ulikuwa ukisita wapi: pale anapogeuka mke akawa mume.

Mashine ya nyumbani imekufa. Na hiyo kanda ya "wote yeye" utepe umetoka nje kidogo na umejikunja. Naogopa kuigusa.

Fundi redio wa Mkunazini

Usiuvute. Nina deki nzima, nimeisafisha kichwa juzi. Njoo Jumamosi baada ya Alasiri, na wa Rafi waje pia, nafasi ipo. Kwa sasa urudishe utepe ndani taratibu kwa kalamu. Ya pembe sita, mwanangu. Ya duara haishiki meno.