Hilux Vigo 1KD: ProVent, kechi keni ya Kichina au niache ilivyo? Na injini naiosha vipi?

mbao_na_milima (Njombe)

Wakuu, habari za kazi. Nina Vigo ya 3.0 D4D, injini 1KD-FTV, inabeba mbao na miche ya parachichi kati ya Ludewa, Njombe na Makambako. Tumefungua mpira unaotoka turbo kwenda intakula (kipoza hewa ya turbo), tumekuta oili imetuama ndani, na mdomo wa manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, una tope jeusi zito linalong'ang'ania kidole. Turbo yenyewe nzima: shafti haichezi, panga hazijagusa popote. Fundi anasema oili inatokea kwenye briza, tundu la kupumulia injini, juu ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), na inavutwa na turbo pamoja na hewa.

Nataka kufunga kitenganishi cha oili, kile mnachokiita kechi keni. Ninazopima ni hizi:

1. ProVent 200 ya Mann+Hummel. Ina filta ndani na valvu ya usalama, ila bei inauma na filta ni ya kubadilisha.
2. Kopo la alumini la Kichina. Bei rahisi, linapatikana kila mahali.
3. Kutofunga kitu, niwe nafungua na kusafisha intakula na manifoldi kila baada ya muda.

La pili, chini ya boneti kumejaa oili iliyoganda na vumbi. Nataka pasafishwe kabla sijafunga chochote. Vijana wa kuosha magari wanataka kupiga presha halafu wapulizie dizeli ing'ae. Mwenye uzoefu na injini hii naomba anielekeze.

fundi_wa_dizeli (Mbeya)

Mkuu, tuanze na chanzo. Kwenye injini yoyote ya dizeli kuna gesi kidogo inayopenya kwenye ringi za pistoni na kushuka sampuni, bakuli la oili chini ya injini. Lazima itoke, na briza ndiyo njia yake. Ikitoka inabeba oili kama ukungu mwembamba. Oili peke yake isingekuletea tope hilo, ingelowanisha manifoldi, ikapita na kuungua. Kinacholeta tope ni masizi ya EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye hewa inayoingia, yakikutana na ukungu huo. Ukiuondoa ukungu, masizi yanabaki makavu na mengi yanapita.

Ukungu ule haukamatwi na kopo tupu. Unaingia tundu hili na kutokea lile, kilichobaki ndani ni kidogo tu. Filta ya ProVent ina nyuzi laini zinazoyakusanya matone hayo madogo mpaka yanakuwa makubwa na kudondoka chini. Hapo ndipo pesa yako inapokwenda.

Halafu kuna valvu. Kitenganishi chochote kikiziba, gesi inakosa pa kutokea na presha inapanda sampuni. Sili za krenki zinaanza kuvuja. Turbo nayo inaumia, maana oili yake inarudi sampuni kwa uzito wake tu, haisukumwi na kitu. Ikikuta presha chini inakwama na kutafuta njia kwenye sili za turbo. ProVent ikiziba, valvu yake inafunguka na kutoa gesi nje. Makopo mengi ya bei rahisi hayana kinga hiyo. Kwa gari la kazi linalopanda milima na mzigo, ushauri wangu ni namba 1.

pwani_4x4 (Mombasa)

Fundi amesema kweli, lakini namba 2 isitupwe yote. Makopo ya Kichina si ya aina moja. Yako yaliyo tupu kabisa, hayo achana nayo. Na yako yenye visahani vya kuigeuzageuza hewa ndani, yanakamata sehemu nzuri ya oili hata kama hayafikii filta. Langu ni la aina hiyo na kila nikilifungua nalikuta na oili ambayo ingekuwa imeshaingia kwenye intakula.

Masharti ni haya. Midomo yake isiwe myembamba kuliko mpira wa Toyota wenyewe. Ukiona imeletwa na vipunguzio vya kuunganisha mpira mpana kwenye tundu dogo, rudisha dukani. Na usidanganywe na wanaosema jaza stiliwaya ya kusugulia sufuria ndani ndiyo ikamate ukungu. Ule waya unakatika vipande, na mbele yake kuna panga za turbo zinazozunguka kwa kasi kubwa mno. Kipande kimoja kinatosha.

Pia kuna makopo yenye kifilta juu ya kutolea gesi hewani. Kwa gari lako hapana. Chini ya boneti patanuka oili na patachafuka upya. Kubwa zaidi, ukiuacha wazi ule mdomo wa bomba la hewa kabla ya turbo, vumbi la Ludewa litaingia bila kupita eya klina. Turbo haitadumu.

dada_spana (Morogoro)

Ndugu zangu, kabla hamjaendelea na makopo, hii ni 1KD. Kuna kitu lazima kikaguliwe kwanza, la sivyo ndugu yetu atafunga ProVent nzuri juu ya injini inayokufa.

Injekta za 1KD, zinazopuliza dizeli kwenye silinda, zimekaa ndani ya tapeti kava. Chini ya kila injekta kuna washa, yaani pete, ya shaba inayoziba moto wa silinda usipande. Washa ikianza kupitisha, gesi ya mwako inaingia moja kwa moja chini ya tapeti kava, palepale briza ilipo. Matokeo yake presha ya briza inapanda na oili nyingi zaidi inasukumwa kwenda turbo, na mwenye gari anaona dalili zilezile ulizozitaja wewe. Anafunga kechi keni, oili inapungua kwenye intakula, anafurahi.

Wakati huohuo masizi ya washa yanashuka na oili mpaka sampuni, yanakuwa lami ngumu na kuziba chujio la pampu ya oili. Siku chujio likiziba vya kutosha, beringi zinakosa oili. Injini nyingi za 1KD zimekufa hivyo, na gari lilikuwa linavuta vizuri tu mpaka siku hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Asubuhi injini ikiwa baridi, liwashe gari na utazame taa ya oili. Ikichelewa kuzima, usiliendeshe tena, fungua sampu. Kisha injini ikinguruma kwa slo, bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke hafifu ni kawaida. Moshi unaotoka kwa mapigo, au kifuniko kinarukaruka, hapo kuna gesi inayopita pasipotakiwa. Halafu mwambie fundi afungue tapeti kava. Ukikuta lami nyeusi iliyokauka kuzunguka shina la injekta, jibu umelipata. Washa zikitolewa hazirudishwi, zinawekwa mpya zote nne, na mahali zinapokaa pasafishwe mpaka pang'ae. Sampu ishushwe siku hiyohiyo, chujio litazamwe kwa macho.

Kama ni ringi zimeisha, nako kitenganishi hakitibu. Kitajaa haraka tu. Na kikijaa kikasahaulika, oili inaweza kuvutwa na turbo kwa mkupuo. Dizeli ikipata oili ya kuunguza kutoka kwenye hewa inakimbia yenyewe, unatoa ufunguo na bado inapanda tu. Hiyo ni hatari kwa watu, si kwa gari peke yake.

mbao_na_milima

Dada shukrani sana, hili la washa hakuna aliyenigusia. Taa ya oili inazima mara moja. Moshi kwenye kifuniko upo, ila hauji kwa mapigo. Nitafungua tapeti kava hata hivyo, siwezi kulala na wasiwasi huo. Sasa nifungue nikiwa na uchafu ule juu, au nioshe kwanza?

mzee_wa_kitonga (Iringa)

Osha kwanza, kijana wangu. Ukifungua tapeti kava na mchanga umelala juu, unaingia kwenye kemshafti. Na injini ikiwa safi utaona kinachovuja kinaanzia wapi.

Presha usiruhusu. Mimi maisha yangu yamepita kwenye malori na pikapu, na naweza kusema presha ya maji imeua soketi nyingi za nyaya kuliko mvua zote za Mufindi. Maji yanapita kwenye mipira ya soketi na kubaki ndani, kutu inafanya kazi polepole, halafu baada ya miezi gari linaanza kukata moto na hakuna anayekumbuka kwamba liliwahi kuoshwa.

Dizeli na mafuta ya taa navyo hapana. Vinalainisha uchafu, sikatai, lakini vinavimbisha mipira na kuacha utando unaonasa vumbi safari ya kwanza tu. Petroli usiiguse kabisa, mvuke wake unawaka kwa cheche ya betri. Na wapo wanaotumia magadi makali ya kuzibulia mabomba. Yale yanakula alumini, na hapo juu ya 1KD kuna alumini nyingi.

Njia ninayoifuata: injini iwe vuguvugu, yaani mkono unakaa bila kuungua. Ikiwa ya moto, maji baridi yanaweza kupasua manifoldi ya moshi. Toa terminali hasi ya betri. Funika altaneta, boksi ya fyuzi, mdomo wa eya klina na soketi zote unazozifikia. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku tangu 2019, tumia nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, ni imara na ni pana. Funga kwa ukanda wa mpira.

Uchafu ulioganda ukwangue kwanza ukiwa mkavu, kwa kijiti cha mbao au kisu cha plastiki. Usiulowanishe upesi. Kisha puliza dawa ya kuyeyusha grisi, ile inayochanganywa na maji, kuanzia chini kwenda juu ili isichirizike na kuacha michirizi. Ipe dakika chache, isikauke. Sugua kwa brashi ya rangi na mswaki wa zamani. Suuza kwa mpira wa kawaida wa bustani, maji yatiririke bila kusukuma. Sehemu za injekta na nyaya futa kwa kitambaa chenye unyevu tu.

Vigo yako ya 3.0 ina intakula juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Itoe. Bila kuitoa hufiki katikati, na ndani yake ndiko oili ilikotuama. Ukiitoa tu, ziba mdomo wa turbo na wa manifoldi kwa kifuniko kinachobana. Kitambaa kidogo huwa kinasahaulika ndani. Ioshe ndani kwa dawa, suuza kwa maji, iache juani mpaka ikauke kabisa kabisa. Usiirudishe na dawa au oili ndani, dada ameshaeleza injini inavyoweza kukimbia.

Mwisho kausha kwa upepo wa kompresa, hasa kwenye soketi. Kisha nyunyiza poda ya mtoto kwenye viungo unavyovishuku, tembea safari fupi, fungua boneti na tochi. Oili itachora njia yake kwenye poda.

fundi_wa_dizeli (Mbeya)

Hapo kwenye poda mzee umenena. Naongeza moja la ufungaji. Wengine wanaurudisha mpira wa chini wa ProVent sampuni kwa valvu ya njia moja, oili isipotee. Kwenye mashine inayofanya kazi siku nzima ikiwa ya moto, sawa. Kwa Njombe mimi siungi mkono. Asubuhi za baridi kule mvuke wa maji unageuka matone ndani ya kitenganishi, unachanganyika na oili na kuwa kitu cheupe kizito mfano wa mtindi. Hicho hutaki kirudi kwenye injini. Weka mpira wa chini wenye koki, ushushe mahali unapofikia bila kulala chini ya gari, na uwe unafungua kila unapopima oili. Ukiona cheupe kidogo msimu wa baridi usiogope. Kikiwa kingi na maji ya rediata yanapungua, hapo angalia gasketi ya silinda hedi.

pwani_4x4 (Mombasa)

Na mipira, wengi huharibu hapa. Mpira wa maji ya rediata haufai hata kama unaingia sawasawa. Oili inauvimbisha, unalainika, unanyonywa na kujibana. Silikoni ya rangi rangi nayo inapitisha oili taratibu mpaka inatoka jasho nje. Tumia mpira wa oili. Upite bila kuning'inia, maana penye bonde oili inatuama na kuzuia gesi. Kitenganishi kisimame wima, mbali na turbo, mbali na mabomba ya breki, kwenye bamba la chuma lililofungwa bodini. Kikining'inizwa kwenye mipira tu, barabara mbovu itakikata.

mbao_na_milima

Nimewaelewa wote. Mpango wangu: naosha kwa njia ya mzee, intakula inatoka na kusafishwa, tapeti kava inafunguliwa, washa zote nne mpya hata zikionekana nzima, na sampu inashuka. Nikishajua injini iko salama nafunga ProVent 200 yenye koki chini. Nilifikiria kopo lenye visahani kama la ndugu wa Mombasa, lakini gari linashinda mlimani na mzigo, naona ile valvu ina thamani yake. Swali la mwisho: huo mpira wa oili nitaupata wapi? Maduka ya spea hapa yana ya rediata tu.

dada_spana (Morogoro)

Usiutafute kwenye spea za magari. Nenda wanakotengeneza mipira ya haidroliki ya matrekta na magreda, Makambako hawakosekani. Waambie unataka mpira laini wa kupitishia oili, si wa presha kubwa, maana ule wa presha haukunjiki. Beba kipande cha mpira wako wa briza upimiwe kipenyo cha ndani, na nunua klampu pana. Na ProVent ukiipata, fungua kifuniko hapohapo dukani uhakikishe filta imo ndani, kuna maganda matupu yanauzwa.

mbao_na_milima

Sawa dada. Tapeti kava ikifunguliwa naleta picha za injekta humu.