Mama anaipita zahanati ya kijijini na kwenda mbali kwa ajili ya presha, nifanyeje?

Mwana Rungwe
Wakuu, habari za leo. Mama yangu anaishi kijijini kwetu Rungwe, ameshavuka miaka 60, ana presha. Zahanati ya serikali iko jirani, anafika kwa miguu. Haendi. Anapanda boda mpaka lami, halafu kosta mpaka hospitali ya misheni. Hela natuma mimi kutoka Mbeya mjini na wala sinung'uniki. Kinachonitia hofu ni masika: njia ikiwa utelezi boda hazipandi, dawa zinaisha na yeye anakaa tu.

Nimemuuliza sababu. Anasema zahanati wanampa karatasi akanunue dawa dukani. Halafu nesi ni binti wa jirani, na ukiwa ndani unaongea, walio kwenye benchi nje wanasikia yote. "Kule misheni wananisikiliza," ndivyo alivyomalizia. Nimsukume arudi zahanati au nimwache?

Mzee wa Mafinga
Mwache mama, mkuu. Mgonjwa anakwenda anakokuamini. Huku kwetu watu wanafunga safari mpaka Ikonda, kule Makete, na baridi ile, wakati njiani wamepita hospitali kadhaa. Wengine wanatoka mikoa ya mbali kabisa. Wanajua wakifika watapimwa, na dawa wataondoka nazo.

Nesi Kilolo
Mimi niko zahanati, sio hiyo ya kwenu. Mama ana haki ya kulalamika. Dawa tunaagiza MSD, bohari ya dawa ya serikali, kwa awamu, na kuna wakati zinakuja pungufu. Mwananchi hajui hayo, anachoona ni karatasi mkononi. Sera inasema wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi watibiwe bure, lakini dawa isipokuwepo, huo msamaha unamsaidia nini? Mtu akiambulia patupu mara mbili, ya tatu haji, na anawaambia na wenzake.

Usibishane naye. Mpigie mganga mfawidhi, mtajie dawa anayotumia mama, muulize kama wanakuwa nayo kwa kawaida. Hilo la siri nalo lisipuuzwe. Nimeona akina mama wakienda kata nyingine kwa uzazi wa mpango, kisa mhudumu ni wifi yake.

Dada Uyole
Mzee wa Mafinga, kwa upasuaji nakubaliana na wewe. Presha ni kitu cha kupimwa mara kwa mara, na mara nyingi haina dalili yoyote, mtu anajiona mzima huku inapanda. Umbali ndio unaofanya wazee waruke kliniki.

Kwa nini achague mahali pamoja tu? Daktari wa misheni aendelee kumpangia dawa, kupima afanyie hapo jirani, zahanati, na waandike kwenye daftari. Ikiwa inasoma 140/90 au zaidi mara kwa mara, arudi kwa daktari kabla ya tarehe yake. Ikigonga 180/120, na hasa kama kifua kinabana, kichwa kinauma sana au ulimi unakuwa mzito, mtafutieni gari saa hiyo hiyo.

Kuhusu kile chumba, zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 hela zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ndiyo inakaa kupanga matumizi. Mlango na kusogeza benchi ni mambo ya kikao kimoja.

Mwana Rungwe
Ndaga fijo, asanteni sana wote. Nimeongea na mama jioni hii. Kupima amekubali, ila siku ambayo mganga mwenyewe yupo, sio yule binti. Sikumbishia. Misheni nitaomba wampe dawa za miezi miwili kabla ya masika. Mwenyekiti wetu wa kitongoji yumo kwenye kamati, kesho nampigia.

Dada Nesi, nisaidie moja: zahanati wataandika kwenye daftari lile lile la misheni, au aanze jingine?

Nesi Kilolo
Lile lile, ili daktari wa misheni aone mtiririko wote. Na abebe maboksi ya dawa, hata matupu, mganga asome jina na miligramu. Wazee wengi wanatuambia "kile kidonge cheupe", na vyeupe viko vingi.