Kamba, bunduki ya gesi, MMU au SAFER: ungetoka na ipi nje ya chombo cha angani?

Mvuvi_wa_Kituku (Goma):
Wandugu, juzi pale Kituku kijana alikuwa anasukuma gunia la makala kutoka mtumbwini kwenda kwenye boti. Gunia halikusogea; mtumbwi ndio ulirudi nyuma, naye chubwi majini! Nikawaza wanaanga: wao hata maji ya kuwapokea hawana. Mrusi Leonov, alipotoka nje ya chombo Machi 1965, alikuwa na kamba tu. Mmarekani White, miezi mitatu baadaye, akaongezewa bunduki ya gesi ya kujisukumia. Mwenzake McCandless akapanda MMU, mashine ya mgongoni inayokusukuma kwa gesi, bila kamba mwaka 1984. Siku hizi kuna SAFER, kifaa kidogo cha gesi cha kujiokolea. Ninyi mngechagua ipi?

Fundi_Birere:
MMU, hakuna mjadala. Vitundu 24 vya nitrojeni. Mkono wa kushoto unakupeleka, wa kulia unakugeuza. McCandless alifika karibu mita 98 kutoka chombo chake, Challenger! Ile bunduki ya White iliishiwa gesi baada ya dakika chache. Tena ukiielekeza vibaya kidogo, unazunguka kama pia.

Mama_Fizikia (Bukavu):
Mdogo wangu, kitu cha karibu kilo 150 hicho. Aprili 1984 mwanaanga Nelson alikwenda nacho kuikamata satelaiti ya Solar Max. Kifaa cha kunasia kikagoma. Akaishika bawa kwa mkono, ikazidi kuyumba. Siku mbili baadaye mkono wa roboti wa chombo ukaikamata.

Fundi_Birere:
Yaya, na Palapa B2 na Westar 6? Novemba mwaka uleule waliofuata satelaiti hizo walivaa MMU, zote mbili zikarudishwa duniani.

Mama_Fizikia:
Ndiyo, na ikawa safari yake ya mwisho. Challenger ilipoangamia 1986, MMU haikuruka tena.

Kijana_Lushi:
Mnamsahau Mmarekani Cernan, 1966! Mashine yake ilitumia haidrojeni peroksidi, moshi wake moto mkali, hadi suruali ikawekewa kitambaa cha nyuzi za chuma. Hata kuiondoa pale ilipofungwa kwenye chombo hakuweza: jasho lilimjaza ukungu kwenye kioo cha kofia, haoni kitu. Na Warusi? Serebrov aliijaribu yao nje ya kituo chao cha angani, Mir, 1990, lakini kamba hawakuithubutu kuifungua.

Mama_Fizikia:
Umeona? SAFER nayo, iliyojaribiwa 1994, si ya kutembelea. Ina nitrojeni kilo 1.4 tu, ya kukurudisha kamba ikikuponyoka.

Mvuvi_wa_Kituku:
Basi mimi kamba, na SAFER mgongoni. Fundi abaki na MMU yake. Yule kijana leo nimemwona, mtumbwi ameufunga pande mbili.